Je, ni albamu mpya zinazochosha, au ni masikio yangu?

"Fundi, habari za kazi. Nina miaka 43, naishi Tanga, na tangu ujana napenda roki nzito, hasa ile ya industriali: Ministry, Nine Inch Nails, Godflesh. Katika kundi letu la marafiki mimi ndiye ninayetangulia kusikiliza albamu mpya na kuwapa wenzangu maoni. Sasa nimepatwa na tatizo. Nimesikiliza The Collective ya Kim Gordon, Songs of a Lost World ya The Cure, Hopiumforthemasses ya Ministry na The Adept ya Lord Spikeheart wa Kenya, zote za mwaka 2024, na karibu zote zimenishinda kumaliza kwa mkupuo mmoja. Nusu saa tu kichwa kinajaa. Nikivua hedfoni masikio yanalia, mara nyingine hadi wakati wa kulala. Albamu za 1994 nazisikiliza bila shida. Niliwaandikia wenzangu kwamba muziki wa siku hizi umetengenezwa vibaya. Kijana mmoja akanijibu kuwa kelele ndiyo muziki wenyewe, na kwamba masikio yangu yamezeeka. Mwingine anasema tatizo ni hedfoni zangu za bluetooth za bei poa. Nasikilizia kwenye simu, mara nyingi ndani ya daladala, na nimewasha mpangilio wa kubana bando. Nani yuko sahihi? Na je, niendelee kutoa maoni wakati sina hakika kama nasikia sawasawa?"

Kila mmoja kwenye kundi lenu ameshika kipande cha ukweli, wewe ukiwemo, na hakuna aliyekishika chote. Lakini kabla ya kugusa muziki, nirudi kwenye jambo ulilolipitia juu juu kana kwamba ni dogo: masikio kulia hadi wakati wa kulala. Hayo si maoni kuhusu albamu. Ni mwili unakuambia kwamba sauti ilikuwa kubwa mno kwa muda uliosikiliza, na albamu nzuri inaweza kuuleta mlio huo sawasawa na albamu mbovu. Kwa hiyo kuanzia leo punguza sauti ya simu, na kwa wiki mbili usisikilize muziki kabisa ndani ya daladala. Sababu nitazieleza, na nitakuambia pia dalili ambazo ukiziona usingoje hizo wiki mbili.

Tumwanze kijana, maana jibu lake lina uzito kuliko lilivyosikika. Ni kweli kwamba katika muziki huu kelele ni malighafi. Throbbing Gristle walipoanzisha lebo yao ya Industrial Records London mwaka 1976, na Einstürzende Neubauten walipoanza kugonga vyuma chakavu Berlin Magharibi mwaka 1980, hawakuwa watu walioshindwa kurekodi vizuri. Walitaka mlio wa mashine, mkwaruzo na uchafu wa kanda viwe kile ambacho gitaa na ngoma ni kwa wengine. Januari 1984 baadhi ya watu wa Neubauten na wenzao walipanda jukwaa la ICA, ukumbi wa sanaa wa London, wakiwa na mashine za kutobolea zege, wakaanza kulitoboa jukwaa lenyewe mpaka wenye ukumbi wakasimamisha onyesho. Mtu anayelalamika kwamba muziki wa namna hiyo una kelele amekosea mlango.

Na sisi huku si wageni wa jambo hili. Duma, kundi la Nairobi ambalo Lord Spikeheart alikuwa nusu yake, lilirekodi albamu yake Kampala na kuitoa mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes. Lebo hiyohiyo ndiyo iliyotoa mkusanyiko wa singeli za studio ya Sisso ya Dar es Salaam mwaka 2017. Aliyewahi kusimama karibu na spika za singeli, biti zikipita 200 kwa dakika na spika zikiwa zimezidiwa, anajua kwamba mkwaruzo unaweza kuwa utamu.

Utamu huo una sababu. Wimbi la sauti likisukumwa kupita uwezo wa chombo, kilele chake hulala bapa, na pale linapolala huzaliwa sauti mpya juu yake. Besi ya hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, ikikwaruzwa huzaa 100, 150, 200 na kuendelea. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa hezi 50, lakini zile za juu zaidi inazitoa, na ubongo wako ukizisikia hizo unaijaza besi yenyewe pale ambapo haipo. Ndiyo maana watayarishaji wengi hukwaruza besi kwa makusudi, hata wa bongo fleva. Upande wa pili ni kwamba sauti hizo mpya hupanda pia hadi kati ya hezi 2,000 na 5,000. Hapo ndipo sikio la binadamu lina makali kuliko popote, kwa kuwa tundu la sikio lenyewe huikuza sauti inayokaribia hezi 3,000. Kwa hiyo albamu iliyojaa mkwaruzo hulifikia sikio ikiwa kali zaidi kuliko albamu tulivu yenye nguvu ileile kwenye mita.

Kijana amekosea pale anapodhani kelele zote zimekusudiwa. Kuna kelele aliyoichagua mwanamuziki, ikawekwa kwenye gitaa hili au sauti ile kwa kipimo. Na kuna kelele inayoingia mwishoni kabisa, kwenye masta, yaani hatua ya mwisho ya kuuandaa wimbo kabla haujatoka, ikaupaka wimbo mzima rangi moja. Hapo wewe una haki ya kulalamika.

Kazi yangu ya kila siku ni masta, kwa hiyo nikueleze kinachotokea. Sauti ya kidijitali ina kikomo: kuna kiwango cha juu kabisa, tunakiita sifuri, na hakuna wimbi linaloweza kukivuka. Ukitaka wimbo usikike mkubwa kuliko wa jirani na vilele vyake tayari vimegusa kikomo, njia iliyobaki ni kuvibana vilele kwa kompresa na limita, vyombo vya kushusha sauti inayopanda mno, kisha kupandisha kila kilichokuwa chini. Ni kama kupandisha sakafu ya nyumba bila kuinua paa: chumba kinaonekana kimejaa, ila aliyekuwa anasimama wima sasa lazima ainame. Ngoma ya mguu, ambayo kazi yake ni kuruka juu ya vingine vyote, inakosa pa kurukia. Ukiendelea kusukuma, limita inashindwa, vilele vya mawimbi vinakatwa, na mkwaruzo unaingia kila mahali kwa pamoja: kwenye sauti ya mwimbaji, kwenye matoazi, hata kwenye sehemu ambazo mwanamuziki alizikusudia ziwe safi.

Mfano unaojulikana zaidi ni Death Magnetic ya Metallica ya mwaka 2008. Nyimbo zake ziliwekwa pia kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero, na wasikilizaji wakagundua kwamba kwenye mchezo zilikuwa na nafasi ya kupumua kuliko kwenye CD. Maelfu walitia saini wakitaka albamu ifanyiwe masta upya. Muziki mmoja, uamuzi tofauti mwishoni. Nine Inch Nails nao, walipotoa Hesitation Marks mwaka 2013, walitoa masta mbili, moja ya kawaida na moja isiyobanwa sana kwa wanaotaka kusikiliza kwa utulivu. Hao ni watu wa industriali, wanaoijua kelele, na bado waliona ipo haja ya kutenganisha kelele na kubanwa.

Kwa nini basi tunaendelea kubana? Zamani kulikuwa na sababu ya kibiashara: redioni na kwenye CD, wimbo mkubwa ulionekana bora, kwa kuwa sikio likilinganisha sauti mbili zinazofanana huipenda ile iliyo kubwa kidogo. Leo sababu hiyo imepungua nguvu. Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, hushusha au kupandisha kila wimbo hadi karibu LUFS -14, ambacho ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi unavyosikika kwa wastani, na Apple Music hulenga karibu -16. Aliyebana mno anashushwa tu, naye amekwisha kupoteza vilele vyake. Lakini mazoea ni mazoea. Wateja bado wanakuja na wimbo wa mtu mwingine kwenye simu wakisema wanataka wao uwe mkubwa kama ule. Na kusema haki, kuna muziki unaopendeza ukibanwa. Godflesh unaowapenda hawangekuwa Godflesh kama mashine yao ya ngoma isingekukandamiza bila kukuachia nafasi.

Sasa hizo albamu za 1994. Nadhani The Downward Spiral ya Nine Inch Nails ni mojawapo, na kweli ni mfano mzuri. Ina kelele nyingi, lakini sikiliza March of the Pigs: ngoma zinakimbia kama zimefukuzwa, kisha ghafla kila kitu kinasimama na kinanda kinabaki peke yake. Sikio linapata sekunde chache za kupumzika, na kelele ikirudi inarudi na nguvu mpya. PJ Harvey alifanya jambo kama hilo mwaka mmoja kabla yake kwenye Rid of Me, iliyorekodiwa na fundi sauti Steve Albini. Wimbo wa kwanza unaanza chini mno hata unashawishika kuongeza sauti, halafu unajuta.

Hata hivyo ulinganisho wako una matundu mawili, na usiponiruhusu kuyataja nitakuwa nakubembeleza tu. La kwanza: masta ya zamani kwa kawaida iko chini kuliko ya leo. Kama mpangilio wa kusawazisha sauti umezimwa, au unapiga mafaili uliyotumiwa na marafiki, basi kwa alama ileile ya sauti kwenye simu albamu ya 2024 inakupiga kwa nguvu zaidi kuliko ya 1994. Hukulinganisha muziki, ulilinganisha ukubwa. La pili: albamu za 1994 unazijua kwa moyo. Wimbo unaoujua haukudai kazi kubwa, kila kishindo unakitarajia. Wimbo mpya wenye kelele unaulazimisha ubongo kuchambua nini ni nini kila sekunde, na huo ni uchovu wa kweli usiohusiana na masta wala na umri.

Rafiki wa hedfoni naye ana hoja, ingawa angekwenda mbali zaidi kama angekuuliza kuhusu bando. Ukiwasha mpangilio wa kubana bando, programu hukupa wimbo ambao sehemu kubwa ya taarifa zake imetupwa. Ufundi wa kutupa hutegemea kubahatisha vitu ambavyo sikio halitaviona vikiondoka, na hufanya kazi vizuri kwenye sauti zenye umbo linalojirudia, kama filimbi, kinanda au mtu anayeimba taratibu. Kelele haina umbo linalojirudia. Mvumo, matoazi, gitaa lililokwaruzwa, mashine inayokoroma, vyote hivyo ndivyo vinavyoumia kwanza, na vinageuka kuwa kitu chenye majimaji, kinachozunguka na kuchakata juu ya wimbo. Taarabu itavumilia kubanwa bando. Industriali haitavumilia. Bila shaka sehemu ya "kutengenezwa vibaya" uliyoisikia ilizaliwa kati ya mnara wa simu na mfuko wako. Kama bando ni tatizo, pakua albamu kwa ubora wa juu mahali penye wai-fai, kisha uisikilize bila intaneti.

Hedfoni zenyewe, nyingi za bei nafuu huongezewa besi na sauti kali za juu kiwandani ili zivutie dukani. Kwenye muziki uliokwisha kujaa sehemu hizo mbili, matokeo yake unayafahamu. Lakini kosa kubwa zaidi si la hedfoni, ni la daladala. Kelele ndani ya basi hufika kwa urahisi desibeli 75 na kupita. Ili usikie muziki juu ya injini, honi na konda, unapandisha sauti mpaka ivuke hapo, mara nyingi kwa desibeli 10 au zaidi, na wala huhisi kwamba ni kubwa kwa sababu umezungukwa na kelele. Shirika la Afya Duniani linatoa kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90 zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima, na ukifika 100 ni kama dakika 20. Hesabu safari zako za wiki, utaona.

Sasa nizungumzie albamu zenyewe, maana umeniuliza pia kama umehukumu vibaya. Haya ni maoni yangu, ya mtu aliyezisikiliza kwenye chumba chenye spika nzuri na sauti ya wastani.

The Collective ningekuomba uirudie kabla ya nyingine zote. Kim Gordon aliitengeneza na Justin Raisen juu ya besi za mtindo wa trap, aina ya hip hop yenye besi nzito, na wimbo wa kwanza ni mama anayetaja vitu vya kufungasha kwa safari huku besi imepasuka chini yake. Mkwaruzo wake umekaa mahali maalumu. Sauti ya Gordon, ambayo karibu ni ya kusema na si ya kuimba, inabaki mbele na inaeleweka, na ngoma zinaachiana nafasi. Hiyo ndiyo kelele iliyokusudiwa. Mwambie pia yule kijana kwamba bibi huyu alikuwa na miaka 70 albamu ilipotoka, kwa hiyo hoja ya uzee aiweke pembeni.

Songs of a Lost World nakubaliana nawe nusu. Utunzi wake ni mzuri sana, bora kuliko nilivyotegemea kutoka kwa kundi ambalo lilikuwa halijatoa albamu ya nyimbo mpya tangu 2008. Albamu ina nyimbo 8 tu zisizo na haraka, na wimbo wa kwanza unapita dakika 3 za vyombo kabla Robert Smith hajafungua mdomo. Muziki wa namna hiyo unategemea kupanda polepole. Lakini kwa sikio langu ngoma na kinanda vimesongamana ukutani tangu mwanzo, hivyo unapofika mahali pa kupanda hakuna tena ngazi. Uchovu ulioupata hapo si wa kubuni. Kosa liko kwenye mavazi, mwili ni mzima.

Hopiumforthemasses sitaitetea sana. Ministry wamekuwa wakibana muziki wao kwa miongo, na zamani hilo lilikuwa na maana kwa sababu mashine zao zilikuwa na midundo ya kushangaza. Hapa magitaa, sauti na sampuli za hotuba zimekaa katika safu moja, zikigombea hezi zilezile kwa albamu nzima. Kuna nyimbo za kuamsha hasira, hasira ya kisiasa na ya haki. Kuisikiliza yote kwa mkupuo ni kazi, na sioni sababu ya mtu kuona aibu kuigawa mara mbili.

The Adept ndiyo ngumu kuihukumu, na ndiyo iliyonivutia zaidi. Lord Spikeheart aliitoa kupitia lebo yake mwenyewe, Haekalu, na kuitunuku kwa bibi yake mkuu, Muthoni wa Kirima, yule mwanamke wa Mau Mau aliyefikia cheo cha fildi mashali. Imefanywa na watayarishaji wengi wa nchi mbalimbali, na inasikika hivyo: wimbo mmoja ni wa besi nzito zenye nafasi, unaofuata ni saruji tupu. Ukiichukua yote kama kitu kimoja utachoka na utaikosea haki. Sauti yake ya kukoroma na kupiga mayowe ni ala yenye rangi nyingi, lakini rangi hizo zinaonekana sauti ikiwa chini. Najua ushauri huo unasikika kama matusi kwa mpenzi wa roki nzito. Jaribu.

Na hapo tunafika kwenye njia ninayoitumia mwenyewe kutofautisha kelele ya makusudi na kubanwa. Washa usawazishaji wa sauti kwenye programu, kisha sikiliza mara ya kwanza kwa sauti ndogo, ile ambayo mtu aliye karibu angeweza kuongea nawe bila kupaza. Albamu ya kelele iliyotengenezwa vizuri hubaki na umbo hata ikiwa chini: unajua ngoma iko wapi, nani yuko mbele, nani yuko nyuma. Iliyobanwa hugeuka mvumo mmoja. Halafu fuata chombo kimoja tu, tuseme ngoma ya mguu, kutoka ubeti hadi kiitikio. Kama kiitikio kinapoingia ngoma inazama badala ya kukua, au wimbo wote unakunjamana kila mguu unapogonga, hiyo ni limita inalia. Mwisho, angalia kama mkwaruzo uko kwenye chombo fulani au uko kwenye kila kitu kwa wakati mmoja, matoazi na sauti ya mwimbaji vikiwemo. Ukishafanya hivyo ndipo ongeza sauti ufurahi, kwa wimbo mmoja au miwili, kisha pumzika. Neno moja zaidi: kwa sauti ndogo besi na sauti kali hupungua kuliko sauti za katikati, ndivyo sikio lilivyoumbwa, kwa hiyo usimlaumu mtayarishaji kwa besi hafifu kabla hujasikiliza kwa sauti ya wastani.

Maoni yako endelea kuyatoa. Wenzako hawahitaji hakimu mwenye masikio ya maabara. Wanahitaji mtu anayesema amesikia nini, wapi, na kwa chombo gani. "Nilisikiliza nyumbani kwa sauti ya chini na kuanzia wimbo wa tatu sikuweza tena kutofautisha gitaa na sauti" ni sentensi ambayo kijana hawezi kuifuta kwa kutaja umri wako. "Muziki wa siku hizi umetengenezwa vibaya" anaifuta kwa pumzi moja, na ana haki. Na albamu ikiwa kweli imekusudia kukuumiza, kama baadhi za Neubauten wa mwanzo, una ruhusa ya kuielewa vizuri kabisa na bado ukaikataa.

Nimalizie na masikio. Watu wengi hudhani sikio linalozeeka husikia tu kidogo, kwa hiyo mtu anayeona sauti kubwa ni kali mno lazima awe na masikio mazima. Si hivyo. Kuzeeka kwa kawaida huanza kwa kupoteza zile sauti nyembamba za juu kabisa, na kwa umri wako kutosikia vizuri kupita hezi 15,000 ni jambo la kawaida. Hilo lingefanya albamu zisikike butu, si kali. Lakini ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, elfu kumi na kadhaa kila upande, zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara za neva. Zilizo nyingi kati yake kazi yake ni kukuza sauti ndogo na kulainisha tofauti kati ya ndogo na kubwa. Zikiharibiwa na kelele, kwa binadamu hazioti tena. Na zikipungua, sauti ndogo hupotea, huku sauti kubwa ikipanda kwa ghafla kuliko zamani. Mtu anasema "ongeza", unaongeza kidogo, anasema "unanipigia kelele". Kwa hiyo kuchoshwa mapema na kelele kunaweza kuwa dalili ya kwanza ya sikio lililoumia, hata kama mazungumzo ya kawaida bado unayasikia vizuri. Sisemi ndicho ulicho nacho. Nasema kwamba mimi kupitia maandishi, na kijana kupitia dhihaka, hatuwezi kukijua.

Ukipunguza sauti na mlio ukaisha baada ya saa chache na haurudi, yaelekea sikio lilichoka tu na limepona, ijapokuwa uchovu wa kujirudia hugeuka wa kudumu. Mlio ukiendelea kupita siku mbili, au ukirudi hata siku ambazo hukusikiliza chochote, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Nenda mapema zaidi kama mlio uko sikio moja tu, kama kuna kizunguzungu, maumivu au usaha. Na ukiamka siku moja sikio moja halisikii, hiyo ni dharura: nenda siku hiyohiyo au inayofuata, kwa kuwa dawa husaidia zaidi zikianza ndani ya siku za mwanzo. Usitie kijiti cha pamba kutafuta nta. Mara nyingi unaisukuma ndani zaidi.

Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, na Kenyatta kwa walioko Nairobi, zina vitengo vya masikio, na hospitali ya mkoa wako inaweza kukuelekeza pa karibu zaidi. Omba kipimo cha usikivu, kile cha kukaa na hedfoni kwenye chumba kimya ukibonyeza kitufe kila unaposikia mlio. Mwambie daktari dawa zote ulizotumia karibuni, kwa sababu kwinini, aspirini nyingi na sindano za jentamaisini zinaweza kuleta mlio masikioni zenyewe, bila gitaa kuhusika. Na siku nzima kabla ya kipimo usisikilize chochote kwa sauti ya juu, maana sikio lililochoka hutoa majibu mabaya kuliko hali yake halisi.